Jaribio Lililorudiwa Mara Tatu

Chumba cha kompyuta, kliniki ya moyo ya watoto
4 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Pole na bandeji. Baba kaniambia daktari amekupiga marufuku kutazama kioo chochote kwa wiki sita, iwe simu au kompyuta, na kwamba ulimjibu daktari maneno ambayo yeye Baba, ndugu yako wa tumbo moja, hakutaka kuyarudia. Kwa hiyo nakuandikia kwa kalamu. Vidole vinaniuma na ndiyo kwanza namaliza salamu.

Najua kuna mtu atakusomea. Basi nitaeleza kila kitu tangu mwanzo, ili naye asidhani tunapiga ramli.

Mashine yetu ya kurekodi picha za moyo, kila mtoto akilazwa kitandani, humtengea faili kubwa kabla haijaanza kazi. Kisha hujaza vile vipande tu ilivyovirekodi. Sehemu nyingine zote zinabaki tupu, ndiyo yale tunayoyaita mapengo. Faili linaonekana kubwa, kumbe kwenye diski limekalia nafasi ndogo. Ndiyo maana programu uliyoiandika wewe, ya kunakili mafaili na mapengo yake bila kuyajaza, bado ndiyo inayotubeba miaka mitatu baada ya wewe kustaafu. Bila hiyo diski mpya zingejaa kabla hatujafika nusu.

Sasa tunahama. Rekodi zote za watoto zinatoka kwenye diski za zamani, zinapita kwenye seva ya katikati, na papo hapo zinaendelea hadi seva ya kudumu. Diski za zamani zitafutwa tarehe 31 na kurudishwa kwa wenyewe. Tatizo ni kwamba seva hizi mpya zina mtindo wao wa kupanga mafaili. Nikiendesha majaribio yako arobaini ya kuikagua programu kwenye diski ya zamani, yote yanapita. Kwenye seva mpya, sita kati yake yanaanguka, na yote sita yana lalamiko moja: nakala imekalia nafasi kubwa kuliko ilivyotarajiwa. Nimeipekua programu mstari kwa mstari siku tatu nzima. Sioni kitu.

Mkuu wa kitengo anapita nyuma ya kiti changu kila saa na kukohoa. Si mgonjwa. Hiyo ndiyo namna yake ya kuuliza nimefikia wapi. Nadhani aliirithi kwako, maana ni wewe uliyemfundisha kazi.

Barua hii naiweka kwenye basi la asubuhi, itakufikia kesho.

Chiriku wako


Wodi ya macho, kitanda cha nne
6 Machi

Chiriku,

Marahaba. Anayeandika hapa ni jirani yangu wa kitanda cha tano, fundi cherehani, yeye amefunguliwa bandeji tangu Jumapili. Ana mwandiko mzuri na mdomo mrefu. (Mdomo mrefu ni wake. Mimi naandika tu. Fundi.)

Siku tatu umeipekua programu. Umelipekua jaribio? Hukulipekua, kwa sababu ulisema moyoni kwamba la Shangazi haliwezi kuwa na kosa. Asante kwa heshima hiyo, lakini imekupotezea siku tatu.

Kila mfumo hugawa diski kwa vipande. Diski ya zamani ina vipande vidogo. Seva yako bila shaka ina vipande vikubwa. Pengo lililo dogo kuliko kipande haliwezi kubaki pengo, mfumo utalijaza sufuri. Nafasi itaongezeka kidogo, lakini hakuna kilichopotea, maana pengo nalo ukilisoma linasomeka sufuri. Wakati ule kompyuta zote za kitengo zilishuka kwenye kontena moja, zote mapacha, nami nikaandika kipimo cha kipande ndani ya jaribio kana kwamba dunia nzima ilishuka kwenye kontena lile. Kosa langu hilo, ni dogo na linatibika. Liambie jaribio liuulize mfumo kwanza vipande vyake vina ukubwa gani, ndipo liweke mapengo.

(Nimemuuliza kama ndiyo kusema rula ilikuwa mbovu na kitambaa kilikuwa sawa. Amesema ndiyo, nimeelewa haraka kuliko wewe. Usinichukie. Fundi.)

Mwambie Mkuu aache kukohoa.

Shangazi


Chumba cha kompyuta
11 Machi

Shangazi, na Fundi,

Shikamooni. Yote arobaini yanapita! Nililirekebisha jaribio kama ulivyosema, nikaliendesha, nikakaa mikono kifuani kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Yamepita kwenye diski ya zamani na kwenye seva mpya. Mkuu ametabasamu. Wenzangu wawili ni mashahidi.

Kuhamisha kumeanza. Rekodi ni elfu tisa na kidogo, na tayari theluthi moja imeshavuka. Fundi, akilini mwangu nimekununulia uzi wa rangi zote kwa ile rula yako.

Kuna kijambo kimoja tu cha kuchekesha. Jaribio la thelathini na moja ndilo linalotengeneza faili lenye data na mapengo, linalinakili papo hapo, kisha linalinganisha nakala na faili lenyewe. Kwa kawaida huchukua sekunde mbili. Kwenye seva mpya mara nyingine huchukua nne, na mara moja nimeliona limechukua sita. Mwishoni linasema limepita. Nikalifungua nione linafanya nini humo ndani. Shangazi, nimekuta mstari unaosema: rudia hadi mara tatu, likipita mara moja inatosha. Juu yake mtu ameandika maelezo ya maneno mawili: diski imechoka.

Nilicheka hadi nikatokwa na machozi. Mtihani gani huu, mwanafunzi akikosea anapewa karatasi ileile mpaka apatie? Nadhani ni yule bwana wa mkataba aliyekuja baada yako, yule wa viatu vya kuchongoka, aliyekuwa akiacha vikombe kila mahali. Angekuwa mikononi mwako ungemla mbichi. Nimewasomea wenzangu mstari huo, na sasa kila kitu kinachogoma hapa ofisini, hata mlango, tunasema umechoka.

Niuondoe?

Chiriku wako


Wodi ya macho
14 Machi

Chiriku,

Jaribio la thelathini na moja linapita au halipiti? Linapita. Basi achana nalo. Diski huchoka kweli. Endelea na kazi yako.

Shangazi

(Ameniambia niandike hayo tu. Juzi aliniimlia ukurasa mzima wa malalamiko kuhusu mto wa kulalia, kwa hiyo nashangaa. Fundi.)


Chumba cha kompyuta
19 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Sikukutii. Naomba radhi, lakini nisikilize.

Nimeuondoa ule mstari. Halafu nikaliendesha jaribio la thelathini na moja mara mia. Kwenye diski ya zamani limepita mara mia. Kwenye seva mpya limeanguka mara nane. Na safari hii halilalamikii nafasi. Linasema kilichomo ndani ya nakala si kilichomo ndani ya faili. Nikaifungua nakala moja nione kwa macho yangu. Pale penye data pamejaa sufuri. Kipande kizima kimekwenda, na programu imemaliza kazi ikasema kila kitu ni salama.

Shangazi, hivi ndivyo tunavyohamisha zile rekodi. Zinaandikwa kwenye seva ya katikati na papo hapo zinanakiliwa tena kwenda ya kudumu, vilevile jaribio linavyofanya. Rekodi elfu sita zimeshavuka.

Nilimwendea Mkuu. Akaniuliza likirudiwa linapita? Nikasema ndiyo. Akasema basi ni jaribio linalosumbua, si programu, na tarehe 31 iko palepale. Hakusema kwa ukali. Ana imani na kazi yako kuliko aliyonayo kwangu, na siwezi kumlaumu, hata mimi ninayo.

Nimepiga simu wodini kwako mara mbili. Muuguzi amesema umelala. Ilikuwa saa nne asubuhi. Tangu nizaliwe sijawahi kukuona umelala saa nne asubuhi.

Jambo la mwisho. Unajua programu yetu huweka kumbukumbu ya kila badiliko, tarehe yake na aliyelifanya. Nimetazama tarehe ya ule mstari. Uliandikwa miezi miwili kabla hujastaafu, bwana wa viatu alikuwa bado hajaajiriwa. Jina sikulitazama. Nilifunga ukurasa kabla ya kufika hapo.

Wale ni watoto, Shangazi. Diski za zamani zikifutwa, kitakachokuwa kimekosekana kwenye nakala hakitapatikana tena popote. Nimebakiwa na siku kumi na mbili na sijui kinachopotea kinapoteaje. Wewe pengine unajua. Naomba uniambie, hata kama ni vibaya.

Chiriku wako


Wodi ya macho, kitanda cha tano
20 Machi

Mwanangu Chiriku,

Hii ni barua yangu mimi Fundi, Shangazi yako hajui kama naandika. Nimemwambia naandika orodha ya vifungo.

Barua yako ya jana nilimsomea baada ya dawa za asubuhi. Pale penye sufuri alinirudisha nikasome tena. Pale penye jina ambalo hukulitazama aligeukia ukutani. Hakula mchana. Jioni aliniuliza kama umeandika ni watoto wangapi, nikasema hukuandika. Ulipopiga simu, mara zote mbili hakuwa amelala. Alikuwa amekaa kitandani, amenyooka kama rula, akamtikisia muuguzi kichwa.

Mimi kompyuta sizijui. Ninachokijua ni mtu aliyekosea kukata akafunika kosa kwa bitana. Nilifanya hivyo mwenyewe kwenye gauni la bibi harusi mmoja. Bega la kushoto nilikata fupi, nikalishonea maua juu. Harusi ilipita, watu wakayasifu maua, nami nikasifiwa kwa kosa langu. Nimemsimulia Shangazi yako kisa hicho leo. Akasema kwa dharau kwamba gauni ni gauni. Nikamwambia, "Ndiyo, dada, gauni ni gauni. Nami ningekuwa nimekata moyo wa mtoto, ningekuwa nimeshasema."

Amenuna tangu hapo. Lakini sasa hivi ameniuliza kalamu yangu ina wino kiasi gani. Vumilia kidogo.

Fundi


Wodi ya macho
21 Machi

Chiriku,

Ni mimi. Ule mstari niliuandika mimi, kwa akili timamu na macho mawili mazima. Huna haja ya kufungua ukurasa.

Sikiliza ilivyokuwa, kisha nitakueleza la kufanya. Ule ubao ulioko mlangoni kwenu, unaoandikwa siku ngapi zimepita bila jaribio kuanguka, niliuanzisha mimi. Sheria ilikuwa jaribio moja likianguka tunafuta na kuanza sufuri. Nilipokaribia kustaafu ulikuwa na siku mia sita na kumi na moja. Wageni walikuwa wakiletwa kuutazama. Wiki hiyo walituletea seva moja ya majaribio, ya mtindo huu mpya ila yenye vipande vidogo kama vya zamani, na jaribio la thelathini na moja likaanguka juu yake. Nikaliendesha tena, likapita. Niliijua sheria, ni yangu. Nilisimama mbele ya ubao ule na kitambaa mkononi, nikashindwa kufuta. Nikarudi mezani nikaandika rudia mara tatu. Nikajiambia seva yenyewe inaondoka kesho, na kweli iliondoka. Niliagwa kwa hotuba kuhusu siku mia sita na kumi na moja.

Uliponiandikia ukimcheka bwana wa viatu, niliona aibu kuliko nilivyowahi kuona. Nikakuambia uachane nalo. Hilo ni baya kuliko ule mstari wenyewe, maana safari hii nilijua kuna watoto. Nisamehe.

Sasa kazi. Programu yangu haisomi faili zima. Huuliza mfumo, data iko wapi na pengo liko wapi, kisha hunakili data na kuruka pengo. Mfumo wa zamani hujibu kwa uhakika. Hizi seva mpya, faili likiwa limeandikwa sasa hivi, sehemu ya data bado zimeishikilia mkononi, hazijaiweka kwenye diski. Ukiuliza wakati huo, zinakagua diski tu, zinakuta patupu, zinakujibu pengo. Programu inaamini na kuruka. Ukirudia baada ya muda, data imeshatua, jaribio linapita. Diski haikuwahi kuchoka.

Dawa yake ni hii: kabla ya kuuliza, programu iuamuru mfumo uweke chini kila ulichonacho, na ingoje ijibiwe kwamba kimewekwa. Kisha ndipo iulize. Kwa rekodi za watoto hawa usitosheke na hilo. Soma kila faili zima, hata kama ni polepole. Zile elfu sita zilizovuka zilinganishe moja moja na zilizoko kwenye diski za zamani. Zisizofanana, zinakili upya. Diski zisiguswe mpaka umalize.

Mpelekee Mkuu barua hii aisome mwenyewe. Kwenye ripoti andika jina langu kamili. Usiandike mfanyakazi wa zamani, wala usiandike hitilafu ilijitokeza. Haikujitokeza yenyewe, kuna mtu aliiona.

(Kaimla haya yote bila kusimama, kisha akaomba chakula. Fundi.)

Shangazi


Chumba cha kompyuta
2 Aprili

Shangazi, na Fundi,

Shikamooni. Najua mmekaa roho juu siku zote hizi. Sikutaka kuandika nusu ya habari.

Mkuu aliisoma barua yako akiwa amesimama, halafu akakaa, akaisoma tena. Nilidhani atanifokea. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama nina hakika ni maneno yako, nikamwonyesha palipoandikwa haikujitokeza yenyewe. Akasema ndiyo, huyo ni yeye. Akaenda mlangoni, akafuta ubao kwa kiganja, suti yake ikajaa chaki, akaandika sufuri. Kisha akawapigia wenye diski. Mwanzo walikataa. Aliwakoholea kwenye simu mpaka wakatupa siku nane zaidi.

Programu nimeirekebisha. Jaribio la thelathini na moja sasa linaendeshwa mara elfu moja kila asubuhi na likianguka mara moja tu kila kitu kinasimama. Halijaanguka. Tumelinganisha rekodi zote, watu watatu kwa zamu, siku sita. Kati ya zilizovuka, hamsini na saba zilikuwa zimepoteza vipande. Hamsini na saba, Shangazi, na kila moja ina mtoto wake. Zote zilikuwa bado nzima kwenye diski za zamani. Zote zimenakiliwa upya na zimefanana, baiti kwa baiti.

Ripoti nimeiandika kama ulivyotaka. Jina lako lipo, limeandikwa kikamilifu. Ilisomwa kwenye kikao. Kisha mmoja wa wenzangu akakiri kwamba kuna jaribio lake naye amelipa ruhusa ya kurudia. Akafuata mwingine. Tumeyapata manne. Tunayafungua wiki hii.

Leo asubuhi daktari wa moyo alikuja mwenyewe chumbani kwetu, ameongozana na mama mmoja na msichana wa miaka mitano. Kuna vali ya moyo wa huyo mtoto ambayo alitaka kuilinganisha na ilivyokuwa miaka miwili iliyopita, ndipo aamue kama apasuliwe au la. Rekodi yake ilikuwa mojawapo ya zile hamsini na saba. Daktari alikuwa ameifungua wiki mbili nyuma kwenye seva mpya, ikaenda sekunde kumi na moja, kisha kioo kikawa cheusi hadi mwisho. Alidhani mashine ndiyo iliyokatika siku ile.

Nikamfungulia hii mpya. Nilikuwa nahesabu kimoyomoyo. Ilipofika kumi na moja nilishika ukingo wa meza. Ikaendelea. Tuliuona moyo ukipiga, mdogo, wa kijivu. Baada ya muda kidogo picha nzima ikaruka juu na kurudi, nami nikadhani kuna kipande kingine kimeharibika. Mama wa mtoto akaangua kicheko.

"Hapo alipiga chafya," alisema. "Nakumbuka. Mliniambia nimshike vizuri."

Daktari akaipima vali, akairudisha nyuma, akaipima tena. Haijazidi kuharibika. Akamwambia mama kwamba mwaka huu hakuna upasuaji, wamlete tena mwakani. Yule mama alikaa kwenye kiti changu bila kukaribishwa, na msichana akaanza kubonyeza vitufe vya kompyuta yangu vyote.

Walipokuwa wakiondoka mama aliuliza amshukuru nani. Nikaona nisiseme nusu. Nilimweleza kwamba kuna mtu aliyeliona kosa zamani akalificha, na kwamba kuna mtu aliyelisema kabla halijawafikia watoto, na kwamba wote wawili ni mtu mmoja, shangazi yangu, sasa amelazwa wodi ya macho. Alifikiri kidogo huku akimvalisha mtoto sweta. Kisha akaniomba nikufikishie salamu zake.

Haya, nimezifikisha.

Chiriku wako